Saa 24 chini ya mwaloni

Katika shughuli zote za klabu yetu ya redio ya ridhaa (watu wanaowasiliana kwa redio zao wenyewe kwa kujipendea) hapa Minnesota, ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mwezi Juni, ambayo wapiga redio wa Marekani na Kanada wamekuwa wakiifanya tangu mwaka 1933: kwa saa 24 tunaacha umeme wa nyumbani, tunahamia kwenye bustani ya mji na mahema, betri na jenereta, kisha tunawasiliana na vituo vya wenzetu vingi kadiri tuwezavyo, kana kwamba minara yote ya simu imezimika.

Mwaka huu nilikabidhiwa antena ya waya ya mawimbi yenye urefu wa takriban mita 40; waya wenyewe una takriban mita 20, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Tulirusha kamba yenye kizito juu ya tawi la mwaloni, tukavuta waya taratibu mpaka ukakaa sawa. Mchana tulisikia majimbo ya jirani. Usiku ulipoingia, mawimbi yalirudi kutoka tabaka za juu za anga yakiwa na sauti za California, nami nikashindwa kwenda kulala.

Mazoezi hayo hutufaa kwenye mbio za marathoni za mji wetu, ambako husimama kwenye kituo cha maji na redio koli mkononi, nikiarifu kituo kikuu ni mkimbiaji gani anayehitaji matabibu. Tunataja namba yake ya kifuani, kamwe si jina, kwa kuwa mwenye redio yeyote anaweza kusikia. Hatulipwi, na mwakani nimeomba kituo kile kile cha maili ya 18.