Bado niko na tyubu

Karibu kila ninayemjua anayefuga matumbawe Nairobi ameshahamia taa za LED, na wengi huniuliza nangoja nini. Singoji kitu. Tangi langu la futi nne, hapa sebuleni Buruburu, linaangaziwa na tyubu sita za T5 za wati 54 kila moja, na kadiri ninavyoyatazama matumbawe yangu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba taa hizi zinayafaa. Wanaoanza sasa huambiwa tu kwamba tyubu zimepitwa na wakati. Hakuna anayewaeleza zinafanya nini.

T5 ni tyubu nyembamba, kipenyo chake milimita 16. Ile nene iliyozoeleka darasani na dukani, T8, ina milimita 26. Wembamba huo una faida, kwa sababu bati linalong'aa lililokunjwa nyuma ya kila tyubu huurudisha mwanga chini majini badala ya kuurudisha kwenye tyubu yenyewe. Tyubu ya wati 54 ina urefu wa milimita 1,149, kwa hiyo tangi la futi nne hupata mwanga karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanga huo hushuka kama wa mbingu ya Nairobi mwezi wa Julai, unatoka kila upande na kivuli chake ni hafifu. Nina Montipora capricornis, tumbawe linalokua kwa mabamba mapana yanayopandana. Chini ya mwanga unaotoka nukta moja, bamba la juu hulikinga la chini lisipate mwanga, na upande wa chini hupauka na kufa. Langu lina rangi hadi chini ya ukingo, na hata bamba la tatu kutoka juu bado linaongeza mdomo mweupe wa ukuaji.

Kuhusu rangi, tyubu zangu nne ni za buluu na mbili ni nyeupe. Wageni wengi huona buluu imezidi. Ami yangu kutoka Wasini, aliyezamia pweza ujana wake wote, ndiye pekee ambaye hakushangaa. Alisimama mbele ya tangi mikono nyuma, akatazama kimya kwa muda, kisha akasema, "Hii ndiyo yenyewe, mwanangu. Ukishuka pima sita, nyekundu hakuna. Nilijikata kwenye mwamba siku moja, nikaona damu yangu inatoka kijani." Nikamwambia, "Ndivyo hasa, ami." Maji hunywa mwanga mwekundu kwanza, buluu ndiyo inayofika mbali, na mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya ngozi ya tumbawe umezoea kujipikia chakula kwa buluu hiyo. Tumbawe hula sehemu kubwa ya sukari inayotengenezwa na mwani huo. Ukichagua rangi ya taa unachagua chakula chake, si mapambo ya sebule yako.

Kuna jambo jingine ninalolipenda mno kuhusu tyubu. Ndani yake kuna mvuke wa zebaki. Umeme ukipita, zebaki hutoa miale ya urujuanimno ya nanomita 254 ambayo macho yetu hayaioni. Unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huinywa miale hiyo na kuitoa tena ikiwa mwanga tunaouona. Tumbawe nalo hufanya kazi ya aina hiyohiyo: protini zilizo katika ngozi yake hunywa buluu na kuitoa ikiwa kijani, chungwa au nyekundu. Mojawapo ya protini nyekundu zinazotumika sana katika maabara za baiolojia ilielezwa mwaka 1999 kutoka kwa Discosoma, mnyama aliye ndugu wa matumbawe, jamii ileile niliyo nayo kwenye kona ya chini ya tangi.

Njoo utazame saa nne asubuhi, taimu inapowasha tyubu mbili za buluu peke yake. Tumbawe langu la Euphyllia huwa limejikunja usiku kucha hadi kingo za mifupa yake zinaonekana, nyeupe na kali. Kwanza hutokea mkono mmoja, umefinyaa, na ncha yake ya kijani inawaka kwenye giza la tangi. Halafu wa pili. Kisha ngozi yote huanza kujaa maji polepole, inavuka ukingo wa mifupa, inafunika. Tyubu nyeupe zikiwaka baadaye, mifupa haionekani tena, na mikono mirefu inayumba na mkondo wa pampu.

Tyubu huchoka kabla ya kuzimika, na hapa ndipo wengi hudanganyika kwa macho. Inaendelea kuwaka vizuri, ila mwanga umepungua na rangi imehama. Mimi hubadilisha kabla ya mwaka kwisha, moja baada ya nyingine, nikipisha wiki moja au zaidi katikati. Ukibadilisha zote sita siku moja, matumbawe hupigwa na mwanga ambao hayakuuzoea, hufukuza mwani wake na kugeuka meupe. Ami aliliona hilo kwa ukubwa wa kutisha mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyapausha matumbawe ya pwani yetu yote. Hapendi kulizungumzia.

Kuna mambo ya Nairobi ambayo miongozo ya ng'ambo haiyagusi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa, kwa hiyo maji yenye joto na chumvi ileile hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Ndiyo maana nasisitiza uso wa maji uchemke kwa mawimbi saa zote. Umeme ulipokatika nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, sikuhangaikia taa hata kidogo. Tumbawe huvumilia giza la siku moja au mbili. Maji yaliyotuama ndiyo yanayoua, tena huku juu huua haraka zaidi. Pampu ndogo ya hewa yenye betri ni lazima, iwe imeshachajiwa na iko mahali unapoweza kuipata kwa kupapasa gizani.

Baridi nayo. Usiku wa Julai nje hufika nyuzi 12, na tangi linataka 25. Tyubu zinapasha maji mchana, hita inapumzika. Mwenzangu wa Mombasa hulazimika kununua mashine ya kupoza, mimi sijawahi kuihitaji. Lakini usielekeze feni moja kwa moja kwenye tyubu: T5 hutoa mwanga wake wote hewa inayoizunguka ikiwa na nyuzi 35 hivi, na ukiipoza kupita kiasi inafifia. Gharama sifichi. Taa peke yake, kwa saa tisa, hula uniti 3 hivi za tokeni kwa siku. LED ingekula pungufu.

Matumbawe yenyewe napata vipande kutoka kwa wafugaji wenzangu, vilivyokatwa kwenye matangi yao. Sitoi kitu baharini na sinunui kwa anayetoa. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1968, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Ukiuziwa jiwe lililong'olewa Kanamai au Diani, liache.

Sasa zebaki. Ukivunja tyubu, fungua madirisha, toa watoto nje, usifagie kwa ufagio. Okota vipande kwa kadi ngumu na utepe wa gundi, utie kwenye chupa yenye kifuniko. Zilizochoka nazipeleka kwa wanaokusanya taka za umeme, haziendi jalala la Dandora. Ni kwa sababu ya zebaki hiyo kwamba nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kuachana na tyubu za kuangazia majumba na ofisi kufikia mwisho wa 2027. Uamuzi huo ni sahihi na ninauunga mkono kwa moyo wangu wote, hata kama tyubu zangu zitakuwa ngumu kupata. Nimeweka akiba ya buluu chini ya ngazi, zimesimamishwa ndani ya maboksi yake. Zikikaribia kuisha nitafunga LED ndefu za mkanda katikati na kubakiza tyubu mbili pembeni, mwanga uendelee kutoka pande zote.

Kinachonisumbua kwa sasa ni balasti, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu. River Road nimepata za T8 tele na za T5 za wati 28, lakini ya kielektroniki ya kuendesha tyubu mbili za wati 54 ni adimu. Anayejua duka lenye nayo, hata kama ni iliyotumika, aniandikie hapa chini.