Koleo Kichwani pa Kitanda

Kijana alikuwa mvuvi wa dagaa wa Ukerewe. Aliteleza mwaloni, kidevu kikagonga ukingo wa mtumbwi, taya la chini likavunjika pande mbili. Wakamleta Mwanza, na usingizi nikampa mimi. Mpira wa kupumulia niliupitishia puani, maana meno yalikuwa yanakwenda kufungwa kwa waya.

Kabla waya hazijakazwa tulitoa gozi ya kooni, ile ya kuzuia damu, nesi akaifuta ubaoni alipokuwa ameiandika. Nikafyonza na damu iliyoganda nyuma ya kilimi. Hapo ndipo panaposahaulika. Bonge likidondoka baadaye, meno yamefungwa, utalitolea wapi?

Kazi iliisha saa tisa alasiri. Daktari akavua glovu: "Kaka, mtoe mpira, kuna mwingine anasubiri."

"Bado, dokta."

Kijana alishaanza kupumua mwenyewe. Nikatoa upepo kwenye puto la mpira, lile linaloziba nafasi kati ya mpira na koo, nikaziba mdomo wa mpira kwa kidole, nikatega sikio. Kimya. Maana yake koo limevimba, limeubana mpira pande zote. Ningeuvuta, njia ingejifunga. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, miligramu 8 alishapata, lakini uvimbe wa taya huendelea kupanda hata siku ya pili. Daktari hakufurahi. Nikajaza puto tena, tukampeleka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kichwa kimeinuliwa.

Usiku huo nikakumbuka koleo la kukatia waya. Nikalijaribu kwenye kipande kilichobaki: waya ukapinda tu, haukukatika. Butu! Nikatafuta jingine, nikalifunga kwa bandeji kichwani pa kitanda, nikamwonyesha nesi wa zamu waya za kukata: zile za wima tu, zinazounganisha meno ya juu na ya chini.

Asubuhi nikarudia kipimo. Pssss, kama pancha ya baiskeli. Nikampa oksijeni tupu dakika chache, nikafyonza kwa mrija mwembamba tundu la pili la pua.

"Nishike mkono. Inua kichwa, hesabu tano."

Akainua. Nikatoa upepo wote, nikauvuta mpira. Akakohoa, macho yakamtoka, oksijeni ya damu ikashuka hadi asilimia 91, kisha ikapanda yenyewe.

Mama yake alishuka na meli ya Nansio mchana. Akalitazama lile koleo.

"Mwanangu, hili la nini?"

Nikamweleza: akitapika au akikabwa, nesi akate waya. Tangu hapo kila nesi aliyeingia zamu aliulizwa kabla ya salamu: "Koleo lipo?"