Lita sita za maji moto na kikombe cha mchaichai

Nyumbani kwetu hakuna bafu la kujilaza. Kuna dushi: mabati manne, mlango wa mbao, na chini jiwe jeusi la volkano ambalo hata ulisugue mwaka mzima haliwi laini. Maji yanafika kwa bidoni za lita 20, siku nyingine kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, siku nyingine kichwani mwa mtoto. Nasema hayo mapema kwa sababu kwa muda mrefu nilipoona watu wakisifu kuoga maji moto na kunywa chai ya majani ili mwili utulie, niliona picha ya beseni kubwa jeupe limejaa mapovu, nami nikapita. Nilidhani si mambo ya mtu wa Mabanga, mtaa wetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo.

Usingizi ulinitoka mwaka 2021. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, Nyiragongo, volkano yetu, ilipasuka, mbingu ikawa nyekundu, tukakimbia na watoto. Tuliporudi asubuhi nyumba ilikuwa imesimama, lava ilikuwa imekomea Buhene, pembeni mwa mji. Lakini ardhi haikuacha kutetemeka, na Alhamisi tarehe 27 ikatoka amri mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Sisi tulielekea Sake, kama kilomita 25, sehemu kubwa ya njia kwa miguu.

Tulipokelewa na shangazi ya bwana yangu. Nyumba ya vyumba viwili, watu kumi na tisa. Usiku wa pili alinikuta mlangoni, nimekaa macho wazi, kiganja juu ya ukuta, nasikiliza kama nyumba inacheza. Hakunihubiria. Aliweka sufuria juu ya babula, jiko letu la makala, yaani mkaa, akatia majani ya mkaratusi, akamimina maji kwenye beseni la kufulia, akaniambia, "Mwanangu, tia miguu." Halafu akanipa kikombe cha mchaichai, bila sukari kwa kuwa sukari tulikwisha kuimaliza sisi wageni. Wakati ule maji yalikuwa ya kugombaniwa Sake nzima, naye alinipa karibu lita sita za kutia miguu tu. Nililala kikombe kikiwa bado mkononi.

Tulirudi Goma mwezi wa Juni. Lori likipita barabarani usiku, nilikuwa nimesimama kabla sijajua nimeamka. Kazi yangu ni kushona, na cherehani yangu ni ya kukanyaga maana umeme haupatikani kila siku. Ikifika jioni nyayo zinawaka na mgongo umekakamaa. Mtu aliyechoka hivyo anapaswa kulala. Mimi nilihesabu mabati ya dari hadi saa kumi.

Nikajaribu kuurudia ule usiku wa Sake, na kwa miezi ulinikataa.

Kosa la kwanza lilikuwa kikombeni. Sikuwa na mchaichai, nikapika chai kavu na tangawizi nyingi, kikombe kikubwa, saa tatu usiku. Chai inalimwa kwetu Kivu na naipenda sana, lakini ina kafeini, na kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Nilikuwa najitibu kwa kile kinachoniamsha. Nilipoacha chai kavu jioni nikarudi kwa mchaichai, ambao wengi hapa wanauita sitroneli, bado nilikosea: nilikunywa nusu lita baada ya kuoga, nikaenda moja kwa moja kitandani. Saa nane usiku kibofu kinaniamsha, choo kiko nje, na Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wake ni wa baridi kweli. Nikirudi ndani miguu ni barafu na akili imeamka yote.

Kosa la tatu lingeniua. Ilikuwa Julai, upepo wa ziwani unapita kwenye matundu ya mabati, nikaingiza babula lenye makala ndani ya dushi ili nipate joto, nikaziba mlango kwa blanketi. Kichwa kilianza kugonga, kisha magoti yakalegea. Mama mkwe alipogonga mlango kuuliza mbona sijibu, nilishindwa kuinua mkono. Alinivuta nje. Sisi wa Goma na Sake tunajua mazuku, ile hewa ya dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo, isiyoonekana, inayoua mbuzi na hata mtu asubuhi isiyo na upepo. Makala yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa nyingine, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, nayo inaua vilevile. Tangu siku ile babula linabaki uani. Kinachoingia ndani ni maji. Tafadhali, ukisahau yote mengine niliyoandika hapa, hili usilisahau.

Baadaye nilisoma jambo lililonifungua macho kuhusu wakati. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walikusanya tafiti nyingi za zamani, wakaona kwamba maji ya joto la nyuzi 40 hadi 42.5, hata kwa dakika kumi tu, saa moja au mbili kabla ya kulala, yanaharakisha usingizi. Sababu ni kwamba maji moto huita damu ije mikononi na miguuni, joto la ndani ya mwili likapata njia ya kutoka, mwili ukaanza kupoa, na kupoa huko ndiko kunakouambia kwamba ni usiku. Kumbe mimi nilikuwa natoka majini na kuruka kitandani mwili ukiwa bado unachemka.

Sina kipimajoto. Lakini jirani yangu anapika yogati kwa maziwa ya Masisi na anacho, akanikopesha jioni moja. Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, kwa sababu ya huu mwinuko. La pili ndilo nililolitafuta: sufuria moja ya maji yaliyochemka kwa sufuria mbili na nusu za maji ya bidoni inanipa nyuzi 41. Baridi yanatangulia kwenye beseni, moto yanafuata polepole, kamwe si kinyume, hasa nyumba ikiwa na watoto. Siku hizi napima kwa kiwiko tu, kama nilivyofanya nilipoogesha wanangu.

Basi jioni yangu iko hivi. Saa moja na nusu nachemsha maji ya chai bila mfuniko, ili harufu ya klorini iliyotiwa kwenye bidoni itoke. Natia majani ya mchaichai niliyoyakunja na kuyapondaponda kidogo, nafunika, naacha dakika kumi, maana maji ya nyuzi 95 yanahitaji kupewa muda. Yanaingia kwenye thermosi. Nusu kikombe nakunywa nikisubiri maji ya kuoga yachemke. Saa mbili naingia dushi na bidoni yangu moja. Ikiwa maji ni mengi, natia miguu kwenye beseni huku najimwagia mabegani kwa kikombe, taratibu, nikihesabu pumzi. Yakiwa machache, ni miguu peke yake, lita sita zile za shangazi, na majani ya mkaratusi kwa ajili ya harufu. Hayo majani ni ya kwenye maji. Mafuta ya mkaratusi hayanywewi, ni sumu. Nikitoka navaa soksi, najifunga kikwembe (kitenge) kizito, namalizia nusu kikombe iliyobaki. Baada ya hapo sinywi kitu. Saa tatu na nusu niko kitandani na choo nimekwisha kukiaga.

Lakini hata hivyo kuna kitu kilichobaki kimepungua, na nilichelewa kukiona. Kule Sake, katika nyumba ya watu kumi na tisa, hakuna aliyeniita wakati miguu yangu iko majini. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini na kila aliyekuja alimrudisha. Hapa kwangu, dakika ya tatu tu: "Mama, chumvi iko wapi?" Simu inalia, mteja anauliza gauni lake. Mwili uko majini, masikio yako nje.

Nikachukua kikwembe cha kijani, nikakitundika mlangoni pa dushi. Nikawaita watoto wote na bwana yangu pia, nikawaambia kikwembe kikiwa pale, simu yangu iko kabatini na mimi sipo, mwulizeni baba. Wiki ya kwanza walikisahau. Wiki ya pili nilimsikia binti yangu akimzuia mdogo wake: "Hapana, kijani iko." Nililia humo ndani, kwa furaha.

Kila mwaka kabla ya tarehe 8 Machi mpango wangu huu unaporomoka. Wanawake wa mji mzima wanataka nguo ya siku yao, vikwembe vinajaa hadi chini ya meza, nashona hadi saa sita usiku. Mwaka mmoja niliacha kila kitu majuma mawili, na ule mkono wa kupapasa ukuta ukarudi. Sasa katika majuma hayo napunguza, siachi: beseni linawekwa chini ya cherehani, nasimamisha kazi dakika kumi, mchaichai pembeni. Usingizi unakuwa mfupi lakini unakuja.

Mama mkwe naye alitaka. Ana ugonjwa wa sukari na nyayo zake hazisikii joto vizuri, angeweza kuungua bila kujua, kwa hiyo maji yake napima mimi kwa kiwiko, nayafanya vuguvugu tu, dakika tano, kisha namkausha katikati ya vidole. Mwenye mimba au mwenye presha inayoshuka ovyo, amwulize muuguzi kwanza. Mimi nilipofanya maji ya moto sana nikasimama ghafla, niliona giza.

Mchaichai wangu umeota ndani ya bidoni kuukuu iliyokatwa juu, maana uwanja wote ni jiwe. Udongo niliuleta kwa mfuko. Umekuwa mnene kiasi kwamba nimekwisha kung'oa mashina yenye mizizi na kuwapa majirani watatu. Mmoja alirudi juzi jioni, amesimama uani na sufuria mkononi, akiuliza ni ngapi za baridi kwa moja ya moto. Nikamwambia mbili na nusu.