Neno "ancora" lilivyonisumbua, na nilivyolielewa hatimaye

Nilipofika Bologna kumtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake, nilikuwa nimejifunza Kiitaliano kwa miezi michache tu, na katika daftari langu neno ancora lilikuwa na maana moja: "bado". Maana hiyo si ya uongo, lakini ilinipotosha kwa muda mrefu.

Kosa la kwanza lilitokea mezani. Bibi aliniuliza, "Hai finito?", yaani kama nimemaliza kula, nami nikajibu "Ancora", kama vile ambavyo kwetu Tanga mtu hujibu "Bado" na ikaeleweka kwamba hajamaliza. Bibi akafurahi, akaniongezea pasta. Kiswahili kinaliruhusu neno bado, likisimama peke yake, libebe ukanushi. Ancora halibebi ukanushi hata kidogo, na likitamkwa peke yake mezani humaanisha "niongezee". Nilipaswa kusema non ancora.

Kosa la pili liliniogopesha. Katika duka la dawa niliulizwa kuhusu dawa ya shinikizo la damu ambayo daktari alikuwa amemwachisha bibi. Nilikwisha kujua kwamba ancora huweza pia kuwa "tena", kwa hiyo, nikitaka kusema haitumii tena, nikasema "Non la prende ancora". Mfamasia akaanza kunieleza kwa utaratibu jinsi ya kuianza, kwa kuwa nilichomwambia ni kwamba bibi hajaanza kuitumia. "Haitumii tena" ni "Non la prende più". Tofauti ya neno moja ingeweza kumrudishia mgonjwa dawa aliyokatazwa, na tangu siku ile sikukubali tena kulikisia neno hili.

Niliifuta tafsiri yangu daftarini. Majira yote ya baridi niliandika kila sentensi yenye ancora niliyoisikia sokoni, kwenye basi na jikoni, na kando yake nikaandika jinsi mama yangu angelisema jambo lilelile, bila kutafsiri neno kwa neno. Hapo ndipo nilipoona kwamba Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo, bali mara nyingi maana yake imo ndani ya kitenzi chenyewe. "È ancora malata" ni "angali mgonjwa". "Non è ancora arrivato" ni "hajafika", na ile -ja- peke yake inatosha, hata bila bado. "Provo ancora" ni "nitajaribu tena", na "ancora più freddo" ni "baridi zaidi hata ya ile". Kinachoziunganisha sentensi hizi, kwa maoni yangu, ni kwamba jambo halijafungwa: linaendelea, linarudiwa, linaongezwa au linangojewa. Nikishajua ni lipi kati ya hayo, sentensi hunijia yenyewe.

Matamshi nayo yana lake. Waitaliano huandika vivyo hivyo neno la nanga, ila hilo hukazwa mwanzoni, àncora, wakati neno letu la wakati hukazwa katikati, ancóra. Katika maandishi ya kawaida alama hizo hazitiwi. Kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, neno la wakati halikunipa taabu. Nanga ndiyo niliyokuwa nikiikosea, jambo lililonisikitisha mimi niliyezaliwa kando ya bahari.

Usiku, taa zikishazimwa, bibi huuliza kutoka chumbani kwake, "Sei ancora qui?" Miezi ya mwanzo nilidhani anashangaa kwa nini sijaondoka, nami nilikuwa nikinyamaza kwa aibu. Sasa najua anauliza kama ningalipo, na humjibu papo hapo: "Sono ancora qui, signora."