Mto Mkavu Nao ni Chanzo cha Maji

Mwezi Septemba nilishuka kwenye korongo linalopita nyuma ya mtaa wetu hapa Dodoma, nikamkuta mama mmoja amepiga magoti ndani ya shimo la mchanga, akisubiri maji yajikusanye ayateke kwa kata na kuyamimina taratibu kwenye dumu la lita 20. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniambia kwamba zamani walifukua kwa mikono tu na maji yakaonekana. Mita chache juu yake, vijana walikuwa wakipakia mchanga kwenye lori.

Wengi wetu tukiona mto umekauka huuhesabu kuwa ardhi tupu. Sivyo. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na maji ya bomba hutegemea kwa sehemu kubwa visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Visima hivyo havijazwi na kila mvua, kwa kuwa sehemu kubwa ya mvua ya kawaida huishia kwenye udongo, mimea na mvuke. Hujazwa hasa na misimu mizito, kama ile ya El Niño ya 1997/98, pale mito ya msimu kama Kinyasungwe Ndogo inapofurika na maji kuzama kupitia mchanga wake. Mchanga huo ndio mlango wa ghala letu, nasi tunaung'oa kwa koleo.

Sina ugomvi na wanaojenga. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 760,000 katika jiji hili, na wote wanahitaji nyumba. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na naamini mto wa msimu unastahili heshima hiyo hiyo. Tunapolima hadi ukingoni, udongo huenda na mafuriko. Bwawa la Hombolo limepoteza sehemu ya kina chake kwa tope la namna hiyo.

Nimemwomba mwenyekiti wa mtaa tukae kikao kabla ya mvua, tutenge sehemu za kuchimba mchanga mbali na pale akina mama wanapoteka maji. Siku ile, kabla ya kujitwika dumu lake, yule mama alifunika shimo kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasilichafue.