Matone ya saa tatu usiku

Tanga tunapanda baiskeli tangu utotoni, na mimi nilikuwa nikitoka Makorora kwa baiskeli kila siku kwenda shule ninayofundisha. Mwaka 2019 niligongana na watu mara tatu, na mara zote tatu walitokea kushoto. Wa mwisho alikuwa mama mmoja pale Ngamiani, barabara ya 12, na beseni lake la samaki kichwani. "Yakhe, kwani huoni?" akaniuliza. Nikamwomba radhi, nikamlipa samaki wake, lakini swali lile halikunitoka. Mimi nilijijua naona. Maandishi ya basi nayasoma lingali mbali.

Nikaenda hospitali ya Bombo. Daktari akanipima presha ya macho: kushoto 31, kulia 26. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Akachungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nyumbani kwenu kuna aliyepofuka?"

Mama yangu. Tulisema ni mtoto wa jicho, tukasema ni uzee, na majirani wakasema husda. Hakuna aliyempeleka kupimwa. Mtoto wa jicho huweka ukungu kwenye lenzi, na akifanyiwa upasuaji mtu huona tena. Macho ya mama yalikuwa maangavu mpaka mwisho. Nilipoelezwa hivyo nilikaa kimya pale kitini, nikimkumbuka alivyokuwa akipapasa ukuta kwenda uani.

Ugonjwa wenyewe ni glakoma. Watu wengi huuita presha ya macho, na jina hilo limewapoteza wengi. Jirani yangu alinishauri nipunguze chumvi. Hii si presha ya damu. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa mchana na usiku, nayo si machozi. Yakishalisha jicho hutoka kwa vijia vyembamba vilivyo pembeni, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na ile duara yenye rangi. Vijia vikizibaziba, maji hayaachi kutengenezwa, presha inapanda, na nyuma kabisa mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unaumia. Nyuzi zake hufa moja moja, bila maumivu. Mara nyingi huanza kuondoka uoni wa pembeni, ndiyo maana unasoma gazeti vizuri na huku unamgonga mtu. Tena wapo ambao presha yao ni ya kawaida na mshipa unakufa vilevile, kwa hiyo kipimo cha presha peke yake hakitoshi. Lazima mshipa wenyewe uangaliwe.

Nikapewa rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi. Kule niliwekwa mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe: ukodolee nukta ya katikati, na kila unapoona kinuru unabonyeza kitufe. Kuna wakati vinuru vilikoma kabisa, nikamwambia mhudumu mashine imezima. Akaniambia kwa upole, "Haijazima, mwalimu. Endelea kutazama katikati." Karatasi ilipotoka, upande wa kushoto wa jicho la kushoto ulikuwa mweusi. Ule weusi haurudi. Kuna matone, kuna leza, kuna upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya; vyote kazi yake ni kushusha presha ili kilichobaki kisiondoke. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Basi liliposimama Mombo watu wateremke kula, mimi sikuinuka.

Matone ya kwanza niliyoandikiwa, katika kliniki moja, yalikuwa timololi. Nina pumu tangu mdogo, na hakuna aliyeniuliza. Wiki ya pili kifua kilinibana usiku mpaka mke wangu akatoka kutafuta bajaji. Dawa ile, ingawa inatiwa jichoni, huingia kwenye damu na inaweza kubana mapafu. Nawasihi wenye pumu au matatizo ya moyo: semeni wenyewe, msisubiri kuulizwa. Nikabadilishiwa, nikapewa latanoprosti mara moja usiku, baadaye nikaongezewa dozolamidi asubuhi na jioni.

Kisha nikaacha. Chupa iliisha, mshahara ulikuwa bado, jicho haliumi, haliwashi. Miezi miwili ikapita. Nilipopimwa tena, kushoto kulikuwa 29.

Kilichonisaidia baada ya hapo ni kuyafunga matone kwenye mambo ambayo siku zote nayafanya. Saa tatu usiku, nikishaswali Isha, nakaa kitako, nainamisha kichwa nyuma, navuta kope ya chini, tone moja tu. Nafumba, nabonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika 2, dawa isiteremke kooni. Dawa ya pili ikiwa zamu yake, nangoja dakika 5, la sivyo inaisafisha ya kwanza. Mwanzoni nilikuwa nikimwaga matone mawili matatu shavuni, na chupa yenyewe ni mililita 2.5, inaisha kabla ya mwezi. Binti yangu ndiye aliyenishika mkono mpaka nikazoea. Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji ya jirani, maana joto la Tanga mwezi wa Januari mnalijua. Niliyoifungua naiandika tarehe kwa kalamu.

Ramadhani ilinitia wasiwasi, kwa sababu dozolamidi ina uchungu na uchungu ule huufikia ulimi. Nikamwendea shehe wetu. Akaniambia jicho si njia ya chakula, swaumu haivunjiki. Hata hivyo, kwa utulivu wa moyo wangu, na daktari akakubali, ya asubuhi naitia wakati wa daku na ya jioni nikishafuturu.

Sasa presha ni 15 na 16, na karatasi ya vinuru haijaongezeka weusi. Baiskeli nimeiacha, naenda kwa miguu, na njia panda nageuza kichwa chote kushoto.

Lililobaki likawa mdogo wangu wa Pangani, seremala, miaka 44. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa yuko hatarini kuliko watu wengine, na sisi Waafrika ugonjwa hutuanza mapema zaidi. Alikataa mara mbili. "Kaka, mimi natunga uzi kwenye sindano." Mara ya tatu nilimfuata kwake, nikamwekea karatasi yangu ya Moshi mezani, nikamwonyesha ule weusi, nikamwambia mama alikuwa na huu. Hakunijibu. Asubuhi yake tulipanda gari pamoja kuja Bombo.

Kwake wamewahi, mshipa ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Kila saa tatu usiku simu yangu inalia.

"Kaka, umetia?"

"Nimetia. Na wewe?"

"Nimefumba hapa, nabonyeza."