Kimlango Kidogo Kifuani mwa Kanu

Jumapili, jioni

Wakubwa wakiwasimulia watoto habari za Nwankwo Kanu, mwanasoka wa Nigeria, huanza na mabao. Mabao ni matamu, sikatai. Ila kila ninapoirudia safari yake naona kwamba mtoto aliyesimuliwa mabao tu hataelewa kwa nini Wanigeria wengi walishusha pumzi walipomwona amerudi uwanjani mwaka 1997. Kwa hiyo leo nawaandikia watoto, na naanza na mpira wenyewe.

Chukueni mpira uliopungua upepo. Mtaona kitundu kidogo cha raba, ndipo inapoingia sindano ya pampu. Loanisheni sindano kwa maji kwanza, kisha ichomekeni ikiwa imenyooka, maana sindano kavu au iliyolala upande huchana raba. Mkipampu, upepo unaingia. Mkichomoa sindano, raba inajibana na upepo haurudi nje. Kuingia ruksa, kutoka marufuku: hiyo ndiyo kazi ya valvu. Raba ikichanika, mpira mlioujaza asubuhi utakuwa umelegea jioni, hata kama ngozi yake bado inang'aa kama mpya.

Moyo wa mtu nao una vimlango vinne vya namna hiyo. Kimoja kiko pale damu inapotoka moyoni kuingia kwenye aota, mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Kina vipande vitatu vyembamba, havifiki unene wa milimita moja. Moyo ukijikaza, vinafunguka na damu inapita. Ukilegea, vinakutana na kufunga njia. Mtu aliyetulia kwenye kiti, moyo wake husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, sawa na dumu la mafuta ya kupikia. Mchezaji anayekimbia kwa nguvu zote husukuma lita 20 na zaidi. Hiyo ni ndoo kubwa ya maji, kila dakika, na yote inapita kwenye kile kimlango.

Shikeni hapo kwanza, tutarudi.

Kanu alizaliwa tarehe 1 Agosti 1976 huko Owerri, mji wa jimbo la Imo, kusini mashariki mwa Nigeria. Alikua mrefu, akafika kama mita 1.97. Warefu wa namna hiyo makocha wengi huwapeleka kuwa makipa, au kuwa mabeki wa kupiga mpira kwa kichwa. Sababu ipo: uzito wa mtu mrefu uko juu, hivyo akigeuka ghafla huchelewa kuliko mfupi. Kanu hakushindana na wafupi kwa kugeuka haraka. Alitumia urefu wake kwa njia nyingine. Alimgeuzia beki mgongo, akauweka mpira kwenye mguu ulio mbali na beki, akanyoosha mkono kidogo kumsikia yuko upande gani, halafu akasubiri. Beki akinyoosha mguu upande mmoja, mpira tayari umeshavutwa upande wa pili kwa wayo. Kwa miguu mirefu kama ile, mpira ulikuwa mbali kuliko beki alivyofikiri.

Alichezea Iwuanyanwu Nationale ya Owerri. Mwaka 1993 alikwenda Japani na timu ya vijana wa chini ya miaka 17, Nigeria ikatwaa Kombe la Dunia la umri huo kwa kuifunga Ghana 2-1 kwenye fainali. Yeye alifunga mabao 5 katika mashindano yale. Mwaka huohuo Ajax ya Uholanzi ikamchukua. Tarehe 24 Mei 1995 mjini Vienna, Ajax iliifunga AC Milan 1-0 na kuwa bingwa wa Ulaya. Kanu aliingia kipindi cha pili akitokea benchi, akiwa na miaka 18. Mnigeria mwingine, Finidi George, alianza mechi ile.

Sasa Olimpiki ya 1996, Marekani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mechi ya nusu fainali dhidi ya Brazili naiona ndiyo mechi nzuri kuliko zote alizowahi kucheza, na mwenye mawazo mengine nitamsikiliza bila kubadilika.

Ilichezwa tarehe 31 Julai katika mji wa Athens. Msichanganye na Athens ya Ugiriki, huu uko jimbo la Georgia. Brazili ilikuwa na Ronaldo, Bebeto na Rivaldo, na golini Dida. Bao la kwanza liliingia dakika ya kwanza tu. Hadi mapumziko ilikuwa 3-1 kwa Brazili, na hata lile moja la Nigeria alijifunga Roberto Carlos. Kipindi cha pili Okocha wa Nigeria akapiga penalti, Dida akaicheza. Watu wengi wangekunja mkeka hapo. Dakika ya 78 Ikpeba akafunga, 3-2.

Dakika ya 90 mpira ukamfikia Kanu karibu kabisa na lango, yeye akiwa amelipa mgongo. Kipa anamjia. Mchezaji mwenye haraka angegeuka na kupiga kwa nguvu, mpira ukagonga mwili wa kipa. Kanu aliunyanyua kidogo kwa ncha ya kiatu, ukapanda, kisha akausukuma kumpita Dida. 3-3.

Wakati ule kulikuwa na sheria ya bao la dhahabu: katika muda wa nyongeza, anayefunga kwanza ameshinda, na mechi inaishia hapohapo. Dakika ya 94 Kanu akapata mpira ndani ya boksi, akaonyesha kama anapiga, mabeki wakajitupa, akauvuta pembeni na kupiga kwa mguu wa kushoto. 4-3, mwamuzi akapuliza, kwisha. Kesho yake Kanu akatimiza miaka 20. Tarehe 3 Agosti Nigeria, yeye akiwa nahodha, ikaifunga Argentina 3-2 na kuchukua dhahabu, ya kwanza kwa nchi ya Afrika katika soka ya Olimpiki.

Ile chenga ya kuonyesha kupiga mnaweza kuijaribu wenyewe. Wekeni mawe mawili kama nguzo, mwenzenu asimame kipa, nawe uanze hatua kumi mbele yake. Sogea na mpira taratibu hadi zibaki kama hatua tatu. Nyanyua mguu kama unayepiga kweli, pamoja na bega, mkono na macho. Kisha usipige. Hesabu moja moyoni. Kipa akianguka au akihamisha uzito wake, uguse mpira upande alioutoka. Makosa ni yaleyale kila siku. Ukimkaribia mno, kipa anauchukua miguuni mwako. Ukiwa mbali mno, haamini. Na wengi hudanganya kwa mguu huku macho yao yakitazama pale wanapotaka kwenda, basi kipa anayasoma macho.

Baada ya Olimpiki, Kanu alihamia Inter ya Milano, Italia. Klabu inapomchukua mchezaji humpeleka kupimwa afya. Daktari husikiliza kifua kwanza: moyo mzima husema du-du, du-du. Kimlango kinachovuja huongeza sauti ndogo ya kuvuma baada ya lile du la pili. Halafu huja kipimo cha umeme wa moyo, wanabandika vidude kifuani, mikononi na miguuni, na mashine inachora mstari wa milima na mabonde. Hakiumi. Mwisho kipimo cha picha: wanapaka mafuta baridi kifuani, wanapitisha kifaa, na moyo unaonekana kwenye skrini ukicheza, na damu inayorudi ilikotoka inaonekana pia.

Kwa Kanu, madaktari waligundua kasoro kwenye valvu ya aota.

Valvu hiyo ikivuja, sehemu ya damu iliyokwisha kutoka hurudi, na moyo hulazimika kuisukuma upya. Miaka ikipita, chumba cha kushoto cha moyo hutanuka, ukuta wake hunenepa, na mpangilio wa mapigo unaweza kuvurugika ghafla, hasa mtu anapokimbia. Kinachotisha ni kwamba mwenyewe anaweza asihisi kitu. Anacheza, anafunga, anavishwa medali.

Wanigeria walikuwa wameshaona mabaya ya moyo. Tarehe 12 Agosti 1989, katika Uwanja wa Taifa wa Surulere, Lagos, Samuel Okwaraji alianguka peke yake dakika ya 77 ya mechi dhidi ya Angola. Hakuna aliyemgusa. Alifariki akiwa na miaka 25, na uchunguzi ukaonyesha moyo wake ulikuwa umetanuka. Kanu wakati huo alikuwa na miaka 13.

Novemba 1996 Kanu alipasuliwa huko Cleveland, Marekani. Upasuaji wa valvu kwa kawaida huenda hivi. Mgonjwa hulazwa usingizi mzito wa dawa. Mfupa wa katikati ya kifua hukatwa. Damu huelekezwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda, kisha moyo husimamishwa kwa dawa ya baridi ili daktari ashone kitu kisichotikisika. Valvu yaweza kurekebishwa ileile, au kuwekwa nyingine. Ikiwekwa ya chuma, mgonjwa hunywa dawa za kuzuia damu isigande maisha yake yote, na mtu wa namna hiyo hapaswi kucheza mchezo wa kugongana, kwa sababu akiumia damu haikatiki upesi. Kazi ikiisha, moyo huanzishwa tena, mfupa hufungwa kwa nyaya, na huchukua kama miezi mitatu kuunga vizuri.

Aprili 1997 Kanu alicheza tena. Miezi mitano! Hata hivyo Inter hakupata nafasi kubwa: mechi 12 za ligi, bao 1. Mapema mwaka 1999 akaenda Arsenal ya London.

Mechi yake ya kwanza huko ilizua kizaazaa. Ilikuwa Kombe la FA dhidi ya Sheffield United, tarehe 13 Februari, 1-1. Mchezaji wa Sheffield aliumia, kipa wao akautoa mpira nje ili atibiwe. Desturi ni kuurudisha mpira kwa wenyewe. Ray Parlour wa Arsenal akaurusha kuelekea kwa kipa wao. Kanu akaukimbilia, akapiga krosi, mwenzake Overmars akafunga. Sheria haikuvunjwa, desturi ndiyo iliyovunjwa, na mwamuzi hana uwezo wa kukataa bao kwa sababu ya desturi. Kocha Arsène Wenger akaomba mechi irudiwe. Ikarudiwa siku kumi baadaye, Arsenal wakashinda tena 2-1. Watoto hupenda kubishana juu ya kisa hiki, na ninawaachia.

Oktoba 23, 1999, uwanja wa Chelsea ukiwa umelowa mvua, wenyeji waliongoza 2-0. Dakika ya 75 Kanu akafunga, ya 83 akafunga. Ya 90 aliuzuia mpira upande wa kushoto, na kipa Ed de Goey akatoka mbio kumfuata hadi karibu na mstari wa mwisho. Kanu akamdanganya, de Goey akapita. Akabaki karibu na mstari, na kutoka hapo lango lote la mita 7.32 huonekana kama ufa wa mlango. Mabeki wa Chelsea, Leboeuf na Desailly, walikuwa wamerudi kulinda. Akaupiga kwa mguu wa kulia, ukajikunja ukaingia juu. Nguvu pale isingefaa kitu, mpira ulihitaji kupindishwa.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Februari 2000, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Surulere, uwanja uleule alioangukia Okwaraji, Nigeria ilitoka 2-2 na Kamerun na kushindwa kwa penalti. Kanu alikuwa mmoja wa waliokosa.

Mwaka huo wa 2000 alianzisha Kanu Heart Foundation, inayosaidia watoto wa Afrika wenye matatizo ya moyo kupata upasuaji. Dalili za kumwambia mkubwa mara moja ni hizi: kuzimia ukiwa katikati ya mbio, kifua kuuma unapokimbia, moyo kwenda ovyo bila sababu, midomo au kucha kugeuka bluu. Na kama kwenu kuna kijana aliyewahi kufariki ghafla, daktari anapaswa kujua. Mwenzenu akianguka mwenyewe na haitikii, msimmwagie maji. Mmoja akimbie kumwita mtu mzima, na anayejua aanze kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha.

Arsenal alicheza mechi 198 akafunga mabao 44, na alikuwemo msimu wa 2003/04 walipomaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja. Kisha West Bromwich Albion, kisha Portsmouth.

Tarehe 17 Mei 2008, Wembley, fainali ya Kombe la FA, Portsmouth na Cardiff City. Dakika ya 37 John Utaka, Mnigeria mwenzake, akapiga krosi ya chini, kipa akaushika mpira ukamponyoka. Kanu alikuwa palepale, akausukuma wavuni. Halikuwa na chenga wala madoido. 1-0, na ndivyo ilivyokwisha.

Moyo hudunda kama mara 100,000 kwa siku. Tangu Cleveland hadi Wembley ilikuwa miaka 11 na nusu. Chukueni kikokotoo, mzidishe.